Sanduku la Mwenya na Chumba cha Watoto

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mupendwa,

Napiga magoti mbele yako, hata kama ni mbali. Umeamkaje huko Kirungu? Goti lako la kushoto, baridi ya mulimani ingali inalisumbua? Maharagi yamekauka vizuri, ao mvua iliyakuta shambani? Sisi hapa miili iko mizima. Moyo wangu, Mama, hauko muzima.

Najua ni mudogo wangu Kisimba anayekusomea. Kisimba, ndugu yangu, kama mutoto yuko karibu, mutume maji kwanza. Kisha soma yote, usiruke hata mustari mumoja.

Mama, mutoto aliyekuletea barua hii ni Kalunga, mwana wa marehemu dada yangu Mwenya. Ameshuka na meli mpaka Moba pamoja na mama mumoja muchuuzi wa samaki, muntu wa kanisa letu, na nilimuomba amupandishe mpaka kwako. Umeona amefika na mufuko wa unga tu, umefungwa kamba. Tafazali usimuulize sanduku la mama yake liko wapi. Mimi njo wa kuulizwa, na sasa nakueleza.

Uliponiandikia kuuliza mutoto anaishi namna gani kwangu, nilijibu kwamba anaishi vizuri. Nilikudanganya.

Alipofika na treni toka Kongolo, baada ya mazishi ya mama yake, nilimupokea ku gare, pale treni inasimama, na mume wangu. Alikuwa amekalia lile sanduku la mbao ya mulombwa ambalo marehemu Papa wetu alimutengenezea Mwenya alipoolewa. Watu wawili walilibeba mpaka kambini, na Kalunga alitembea kando, mukono wake juu ya kifuniko, njia yote. Sikuwaza kitu kingine isipokuwa hiki: tutaliweka wapi?

Hujawahi kufika kwangu, Mama. Nyumba za kambi ya reli ziko na vyumba viwili vya kulala. Cha watoto, ukinyoosha mikono, unakaribia kugusa kuta mbili. Watoto wangu Mumba na Kabwe walikuwa wanalala kitanda kimoja. Humo pia mulikuwa na baiskeli ya baba yao, gunia la mihogo, masufuria ya sikukuu, na nguo zote juu ya kamba moja. Viatu hatukuwa tunavipata asubuhi. Makaye, yale madaftari ya masomo, yalikaa chini, na panya walikuwa wanayatafuna.

Nilijaribu, Mama. Nilipandisha kitanda juu ya matofali ili katoni za nguo ziingie chini. Nilipiga misumari nyuma ya mulango kwa mifuko ya masomo. Nilitundika vikapu kwenye boriti. Baiskeli ikaja kulala chumbani kwetu, kila nikigeuka inanikwaruza. Lakini sanduku halikuingia chini ya kitanda. Lilibaki katikati, na watoto waliliruka kama vile mutu anaruka mufereji.

Kalunga hakukubali liguswe. Akitoka masomo, anafungua kifuniko, anakiegemeza ukutani, anaingia ndani na kukaa juu ya vitenge vya mama yake, anasoma pole pole. Nilifikiri anasoma masomo. Nilikuwa napita na ndoo yangu, sikuingia hata mara moja kutazama anasoma nini.

Siku moja Kabwe aliliruka vibaya, akapiga mudomo kwenye pembe, jino la mbele likavunjika. Juma lile lile mukubwa wa masomo aliniita, akaniwekea makaye ya Mumba mbele, yaliyoliwa na panya mpaka nusu. Akasema, «Citoyenne Mama Mumba, mutoto hawezi kufanya mitihani na matambara haya. Kwako hakuna mahali pa kuweka kaye?» Nilipata haya kama vile nimevuliwa nguo.

Nikamwambia mume wangu. Akaingia chumbani, akasimama na mikono kiunoni.

«Hiki ni chumba cha watoto ao ni depo ya mizigo?» akasema. «Mbao ya sanduku hili ni nzuri. Lipasuliwe, litoke etajere, mbao za kupangia vitu ukuta muzima. Kila mutoto awe na mahali pake.»

Nilisema, «Na Kalunga?»

Akajibu, «Yeye pia atakuwa na mahali pake.»

Mama, usimukasirikie yeye. Alisema tu, kisha akaenda kazini. Mimi njo niliyemuita fundi. Nilichagua siku Kalunga yuko masomoni, kwa sababu nilijua atalia, na sikutaka kumusikia akilia. Nilitoa vitenge haraka haraka, nikaviweka kwenye katoni. Kifuniko kilikuwa kimeegemea ukuta, kama anavyokiacha, na mimi nilikuwa nimeinama. Sikukitazama. Fundi alibeba kila kitu kwenye uwanja wake, na saa tisa alikuwa amekwisha kurudi na kupiga etajere ukutani. Ilikuwa nzuri. Nilipanga makaye, viatu chini, nguo zilizokunjwa, sufuria juu kabisa. Nilifagia. Nilisimama mulangoni nikafurahi, Mama. Nilifikiri, sasa mutoto huyu ataona kwamba ninamupenda, nimemupa mahali pake.

Kalunga alipofika, alisimama na mufuko wake begani. Hakulia. Alikwenda kwenye etajere, akaanza kupitisha mukono juu ya mbao, moja moja, kisha akapiga magoti akatazama upande wa chini.

«Mama mudogo,» akasema, «mbao ya kifuniko ni gani?»

«Sijui, mwanangu. Kwa nini?»

«Mama aliandika majina yetu.»

«Majina gani?»

«Yetu. Wale watatu walionitangulia, na langu. Kwa ndani. Alikuwa ananisomea, na mimi ninamusomea.»

Nilikimbia kwa fundi bila viatu. Alikuwa anakula. Akaniambia kwa upole kabisa, «Ndiyo Mama, kulikuwa maandiko ya kalamu ya bluu. Nilipiga randa. Ulisema unataka safi.» Nikauliza maganda ya mbao yako wapi, kana kwamba ningeweza kuyaunganisha. Muke wake alikuwa ameyawashia moto.

Unajua Mwenya alizika watoto watatu kabla ya Kalunga. Sisi tulisema pole, tukasahau kuhesabu. Nilimuandikia mume wake huko Kongolo, nikamuomba majina. Alijibu kwamba wawili kati yao hawakufikia hata kupewa jina, kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Basi ni Mwenya peke yake aliyewapa majina, akayaandika ndani ya mahali ambapo hakuna muntu atakayefungua isipokuwa yeye. Hayakuwa kwenye karatasi ingine yoyote ninayoijua. Nimemuhuzunisha dada yangu akiwa kaburini, na nilifanya hivyo nikiwa na ufagio mukononi, nikitaka nyumba ipendeze.

Tangu siku ile Kalunga ananitii. Akitumwa maji anakwenda. Nikimwambia kula, anakula vijiko viwili, anasema asante. Sehemu ya etajere niliyomupa, ile ya katikati, hakuweka kitu, hata kitana. Nguo zake alizitia ndani ya mufuko wa unga, akaufunga, akawa anauweka kando ya mukeka wake kama muntu anayengoja treni. Jirani zangu wanakuja kutazama. «Mama Mumba, chumba kimekuwa kikubwa! Nani alikufanyia?» Mumba amefanya mitihani yake na makaye safi. Kila mutu amepata faida isipokuwa mwenye sanduku.

Nilimuomba musamaha, Mama. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mutu muzima. Akanisimamisha kwa mukono, akasema, «Haizuru, Mama mudogo.» Ningependa angenitukana.

Mara moja tu alikuja mwenyewe kuongea na mimi. Nilikuwa nachambua dagaa uani. Alisimama kando yangu, akauliza, «Mama mudogo, wewe unajua jina la wa pili?»

Nikamuuliza kama amelisahau.

«La wa kwanza ninalo. La wa tatu ninalo. La wa pili jana lilikuwepo, leo nikisoma, nafika pale, hakuna.»

Alikuwa anaendelea kusoma, Mama, bila kifuniko. Nikaendelea kuchambua dagaa, na machozi yananitiririka ndani ya sahani, naye akaondoka kwa sababu aliona ninalia, na yeye hapendi kunisumbua.

Nilipomuuliza kama anataka kwenda kwako Kirungu, kwa nkambo yake, alisema «ndiyo» kabla sijamaliza. Mume wangu alisema watu watatucheka, watasema tumeshindwa kulea yatima mumoja. Wacha waseme, ni kweli. Nilikuwa na chumba chenye kila kitu mahali pake, lakini mutoto wa dada yangu hakuwa na mahali. Sijui kama nimemutuma kwako kwa faida yake, ao ni mimi niliyechoka kuona uso ule ukinisamehe kila asubuhi.

Vitenge vya mama yake ni vile vilivyo chini kabisa ya mufuko. Sikuvifua. Ni kitu kimoja ambacho sikuharibu. Usivifue na wewe.

Nisalimie baba mukubwa, yule muzee wa nyumba ya juu aliyetupa ng'ombe wa mahari ya Kisimba. Nisalimie muke wa Kisimba na kitoto chake ambacho bado sijakiona. Nisalimie shangazi anayeuza viazi sokoni, na mujane jirani yako anayekuchotea maji goti likiuma. Mwambie kila mumoja ninayo aibu ya kumuandikia peke yake.

Mama, Mwenya alikuwa anakuandikia kila alipojifungua. Pengine alikutajia, pengine lile la wa pili alikuambia hata mara moja, na wewe unalikumbuka. Tafuta ndani ya kichwa chako pole pole. Ukilipata, mwambie Kalunga. Mimi usiniandikie jina hilo.

Ni mimi mutoto wako,
Musenga, Mama Mumba