Nimeandika Jina Lako Kwenye Fomu ya Kazi

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila salamu, ungenirudisha mlangoni nianze upya.

Nimekaa kwenye benchi mjini Same, nje ya ofisi ya vifurushi iliyo karibu na stendi. Nimekuja kukiri kosa. Nimetumia jina lako bila ruhusa.

Tangu ututoke, mambo ya chuo yamekuwa magumu. Mama anajitahidi, tangawizi anauza, lakini muhula huu mwalimu alinieleza wazi: nikishindwa kumalizia ada, niahirishe masomo nirudi nyumbani Chome. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye mpango. Mpango sikuwa nao. Ndipo nikaona tangazo mlangoni kwa Mama Upendo, mwenye ofisi hii, kwamba anatafuta mwanafunzi wa kumsaidia mwisho wa wiki. Vifurushi vinashuka kwenye mabasi, unaviandika, unavipakia kwenye magari yanayopanda milimani. Basi. Nikachukua fomu.

Jina niliandika vizuri, kwa ule mwandiko uliokuwa unauringia kwa wageni. Nikafika kwenye "Uzoefu wa kazi". Baba, nilikaa na ile kalamu mpaka nikaona aibu. Mwenzangu wa chumbani aliwahi kuuza kwenye duka la simu, mwingine alifanya kazi saluni. Mimi nikaandika neno moja: Sina.

Chini yake wakataka jina na namba ya mtu aliyewahi kunisimamia kazini. Nani mwingine amewahi kunisimamia mimi? Mkono uliandika wenyewe jina lako. Namba ninaijua kwa kichwa, niliimalizia bila kufikiri. Nilipotaka kuongeza "marehemu", sikuweza. Miezi minane sasa na hilo neno bado linanikataa. Nikajiambia wakipiga, simu itakuwa imezimwa, watadhani mtandao wa milimani umegoma kama kawaida yake. Nikaikabidhi fomu hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye Mama Upendo akaniita. Hukumjua, ni mtu wa Ugweno, na ungemtania sana kuhusu hilo. Ana miwani inayoshuka puani, na haongei haraka. Akaniweka kitini, akaifungua fomu yangu, akasema, "Nilimpigia baba yako."

Nilijua nimeshaumbuka, na kwamba kesho nitafungasha nguo.

Kumbe simu yako haijazimwa hata siku moja. Mama anaichaji. Watu wanaopokezana maji ya ndiva, bwawa letu la mashamba, bado wanapiga kuuliza zamu zao, na yeye anawajibu, kwa hiyo iko juu ya kabati, pale pale ulipokuwa unaiweka na kofia. Mimi sikujua. Niliporudi nyumbani kwa msiba sikuthubutu hata kuliangalia lile kabati.

Mama Upendo alisema alipokelewa na mwanamke, akaomba kuzungumza na wewe, na mwanamke akamwambia mwenye simu amezikwa. Halafu akamwuliza anataka kujua nini kuhusu Namsifu, maana yote aliyokuwa anayajua mzee, na yeye anayajua. Unamfahamu mkeo. Akaanza na ndiva, hakukoma.

Akamwambia jinsi ulivyokuwa unafungua maji asubuhi, na mimi nashuka na mfereji, nikiondoa majani, nikiziba panapovuja, mpaka shamba la mwisho kabisa la Bibi Nakunda. Maji yakishaingia kwenye maharage yake, napiga kelele kutoka bondeni: "Yamefikaaa!" Na wewe juu unajibu kwa mluzi mmoja, unaziba ndiva ili ya kesho yabaki. Bila ule mluzi sipandi. Bila kelele yangu wewe huondoki, hata mvua inyeshe. Akamwambia kuhusu siku ile nilipopanda katikati nikakwambia maji nimeshayaacha yanateremka, yatafika tu, na ukanirudisha chini. Ulisema, "Usiniambie yameondoka, mwanangu. Niambie yamefika." Nilinuna njia nzima. Na kweli nilikuta ng'ombe wamebomoa kingo, maji yote yanaishia njiani, na Bibi Nakunda amesimama shambani na jembe lake anasubiri.

Mama Upendo akavua miwani. Akaniuliza ni nani aliyenidanganya kwamba hiyo si kazi.

Kwetu pembe ya msaragambo ikilia kuita kazi ya kijiji, kila mtu anatoka na jembe, hata mwalimu, hata mchungaji. Nani anajihesabia kuzibua mfereji kuwa ni kazi? Ni kama kusema nina uzoefu wa kula makande. Nilianza kulia, na sikulia kwa adabu, nililia na kamasi. Yeye akachukua kalamu, akakata ile "Sina" yangu, akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na niripoti Jumamosi. Kisha akanionya nisirudie tena kuandika mtu aliyekufa bila kusema. Nilistahili.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nimeshinda vizuri, nimekosea mara moja tu, nilipeleka viatu vya watu kwenye gari la Gonja nikavikimbilia. Mchana kulikuja kifurushi cha dawa, cha mzee mmoja anayeishi juu ya kwetu, kule gari lisikofika. Nilikipakia. Saa kumi dereva akapiga, amekiacha dukani mwisho wa barabara, kazi imekwisha. Mama Upendo alikuwa ameshaenda kwenye mazoezi ya kwaya, ameniachia ufunguo. Ningeweza kufunga nikaondoka.

Nikampigia mwenye duka. Akasema atamtafuta mtu wa kukipandisha. Nikamwambia nasubiri. Nikampigia tena. Akanicheka, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lako, akaacha kucheka, akasema basi anakipeleka mwenyewe kwa miguu.

Ndiyo maana niko kwenye benchi. Nimeanza kukuandikia wewe ili muda upite. Milima ninaiona kutoka hapa, wingu limeifunika Shengena, na nimekukumbuka. Si maneno makubwa ninayoyakumbuka. Nakumbuka kofia yako inavyonuka moshi. Nakumbuka ulivyokuwa unanitangulia kwenye utelezi bila kugeuka, halafu mkono wako unarudi nyuma kunitafuta. Siku hizi anayefungua ndiva ni Kiondo. Anafungua, anakwenda zake kunywa chai. Bibi Nakunda anakutaja kila siku.

Simu imelia sasa hivi. Mzee anazo dawa mkononi, nimemsikia kwa sauti yake, amenibariki kwa lugha yetu ya Chasu. Na unajua nilichofanya? Niliweka simu chini, nikageuka kuitazama milima, nikatega sikio. Nilikuwa nasubiri mluzi.

Haukuja. Watu wanapita na mizigo yao, hakuna aliyeniona.

Nakuaga, Baba, maana ni lazima nifunge ofisi. Nakuahidi chuo nitamaliza. Nakuahidi nikija mwezi ujao nitaliangalia lile kabati, nitaishika simu yako, na kabla Kiondo hajanywa chai yake nitashuka na mfereji mpaka mwisho. Na popote nitakaposimamiwa na mtu mwingine, sitaondoka kwa kudhani tu.

Mvua zilizokunyeshea pale juu ukinisubiri ni nyingi. Sasa usisubiri tena. Yamefika, Baba. Ziba ndiva, urudi nyumbani.

Mwanao,
Namsifu