Sindano Ambayo Godelive Hakunitajia

Jumapili, mchana. Joto la kabla ya mvua limeukalia mtaa wetu wa Cibitoke tangu asubuhi, na mimi nimejifungia ndani. Sitaki kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba niliacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Nimeandika mara nyingi jinsi ya kuanza: usiache vyote kwa mpigo, loweka maharage usiku kucha tumbo lisije likajaa gesi, tia unga wa karanga kwenye majani ya sombe badala ya visamaki vya ndagala, na ukialikwa harusini kula kwanza nyumbani. Yote hayo nilifundishwa na Godelive, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Anaishi Mutanga Sud, na kila Jumamosi sebule yake inajaa wanawake wanaotaka kula vya shambani tu.

Mimi nilikuwa mfano wake. Alikuwa ananishika bega mbele yao na kusema, "Mumutazame Mwajuma. Hakuna kidonge anameza. Mboga zinamutosha."

Nilipenda kusikia hivyo.

Nyama sikuiacha kwa ajili yake. Nyuma ya duka langu la ushonaji kuna mahali wanachinja mbuzi, na ilifika siku sikuweza tena kusikia sauti ile kisha nikaketi mezani. Mama alinung'unika Idi nzima. Lakini namna ya kula, hiyo nilimwachia Godelive. Kila alichoniambia nilikishika.

Miezi hii ya karibuni nilikuwa nachoka bila kufanya kazi ya maana. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nilipomwambia Godelive, alisema nizidishe mboga ya lengalenga, eti mwili unajisafisha.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona kwa mkono pindo la gauni la bibi harusi. Nikaona tone jekundu kwenye kitambaa cheupe, kisha jingine. Sindano ilikuwa imezama kidoleni na sikuwa nimesikia chochote.

Fundi asiyesikia sindano atakula nini?

Daktari wa kliniki moja ya Kigobe, mama mpole, alinipima damu. Majibu yalipotoka akaniuliza: tangu uache nyama na maziwa, vitamini B12 unaipata wapi? Sikuwa nimewahi kuisikia. Akanieleza taratibu kwamba huwezi kuitegemea mimea kwa vitamini hiyo, kwamba anayekula mimea tupu inabidi aitafute kwenye kidonge au sindano, na ikikosekana kwa muda mrefu mishipa ya fahamu inaharibika. Ganzi inaweza kuisha, alisema, lakini hakuniahidi. Akanichoma sindano ya kwanza.

Nilitoka pale nikimwogopea Godelive. Nilidhani naye hajui. Nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamkuta anachambua mchele, nikamweleza yote kabla hata sijakaa.

Hakushangaa.

"Mi najichoma hiyo tangu mwanzo," akasema, macho kwenye ungo.

"We ulikuwa unajua?"

"Ningesema, nani angekuja? Watu wangeuliza ni chakula gani hiki kinataka dawa."

"Na vidole vyangu?"

"Sikujua itafika huko, Mwaju. Kweli."

Akaniomba ninyamaze kidogo, atafute namna nzuri ya kuwaambia wenzetu. Nadhani ningenyamaza, kwa ajili ya urafiki. Lakini katika kundi lile yumo Espérance, ambaye ana mtoto anayenyonya, na daktari alikuwa ameniambia kwamba mama akiikosa vitamini hiyo, mtoto anayemnyonya naye anadhurika.

Kwa hiyo jana nilikwenda, nikasimama, nikasema. Niliwaambia wakapimwe, na kwamba si lazima warudi kwenye nyama kama hawataki. Habari ya Godelive kujichoma sikuitaja. Hiyo nilimwachia aiseme mwenyewe.

Hakuisema. Alisema, kwa sauti yake ile ya upole, "Apana, musiogope. Mwajuma ni mugonjwa-mugonjwa tangu utoto."

Si kweli. Tumekua pamoja, anajua si kweli.

Lile la sindano labda siku moja ningelimeza. Hili la jana sijui.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Espérance akanifuata mpaka barabarani, mtoto mgongoni, akaniuliza kliniki iko wapi. Nilimpeleka mwenyewe. Daktari alimwangalia mtoto, akasema anaonekana mzima, akamwanzishia mama dawa na kuwapangia siku ya kurudi. Tulipotoka, Espérance alilia kidogo. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mno.

Basi, ninyi mlionifuata hapa: yale ya maharage na karanga yabaki. Lakini hili litangulie. Kabla ya kuacha vya mnyama, mmuulize daktari habari ya B12, na mkishaanza msiikose. Asiwaambie mtu kwamba mboga zinatosha, hata kama anawapenda.

Mama amepita asubuhi na bakuli la maini. Amesema sasa nimeona, nirudi kula kama watu wengine. Nimemshukuru, nimembusu, nimekataa. Mbuzi hawajanikosea kitu.

Jumapili ni siku ambayo Godelive alikuwa anakuja kula kwangu. Leo nimepika maharage na ndizi, na mkono umepima ya watu wawili bila kuniuliza. Nimekula yangu, yaliyobaki nimempelekea jirani. Kesho asubuhi narudi kliniki, halafu nafungua duka, maana gauni la bibi harusi bado linanisubiri.

Simu yake ikilia, nitapokea?