Nyumba Isiyo na Paa

Jumatatu, 4 Juni 1956
Leo kisomo cha jioni hatukuandika. Mwalimu Thadeo kagawa karatasi na penseli: chora mtu anayefaa huko kwenu, anayesaidia wenzake. Telele, yule mfugaji Mkwavi anayeleta maziwa hapa kambi ya mkonge, kachora ng'ombe tu, karatasi nzima! Mwalimu kauliza, mtu yuko wapi? Telele kasema, "Yuko nyuma, anawanywesha. Ng'ombe wake na wa jirani."

Mimi nimechora kwetu Rungwe. Vijana wa rika moja tunatoka kwa baba zetu, tunajenga kijiji chetu. Huyu anamwezekea yule. Nyumba nne zina paa. Ya tano haina.

Sesilia wa Masanze, kijiji jirani na kambi, anayekaa mbele yangu, kageuka. "Kaka Lupakisyo, hii ya nani?"

Nikasema sijui.

Ni yangu. Wenzangu wananingoja nimalize mkataba huu wa mkonge, ndipo waezeke.

Alhamisi, 7 Juni
Mwiba wa mkonge kidoleni. Nimekumbuka ukungu wa kwetu, na migomba. Ningemwambia Sesilia tu — ile nyumba ni yangu, na yako ukitaka. Mdomo mzito.

Jumatatu, 11 Juni
Picha zimebandikwa ukutani. Ya Sesilia: mwanaume analima, mama mmoja kasimama anamtazama. Kasema kwao kijana mwema anahamia kwa mke, anamlimia mama mkwe.

"Huyo kaolewa!" Telele huyo.

"Na wewe umeolewa na ng'ombe," Sesilia kamjibu. Darasa zima hoi!

Mimi sikucheka. Nani huyo anayelima kwa mama yake? Roho inaniuma.

Alhamisi, 14 Juni
Nimewahi darasani. Hakuna mtu. Nikaisogelea ile picha. Yule mwanaume ana kofia, ukingo umeliwa na panya, upande wa kushoto.

Nikaivua yangu. Nikaitazama. Ndiyo hiyohiyo!

Nageuka — Sesilia yuko mlangoni. Sijui kasimama tangu lini.

"Ile nyumba," kasema, "bado hujui ya nani?"

"Yangu."

Kanipa penseli yake. "Haya, malizia picha."

Zote mbili ziko mbele yetu, ya Rungwe na ya Masanze. Nikataka kumuuliza, ipi? Mwalimu akaingia, na watu nyuma yake.

Mkataba unaisha. Kesho nyapara anataka jibu, napanda lori la kwetu au nabaki huku kwa kina Sesilia. Penseli yake ndiyo hii ninayoandikia.