Dakika Nilizopunguza kwenye Daftari la Pantoni

Jumanne, mwezi wa nne, 1997

Nani alinituma niandike dakika sita?

Adela, mtoto wa dada yangu, kaja Ifakara kwa kazi yake ya chuo. Kompyuta yao inakadiria mwendo wa chombo majini. Kwanza inapiga hesabu ya injini, mzigo na mkondo, halafu inajifunza kwenye safari zilizopita hesabu ilikosea wapi. Safari hizo nilimpa mimi: daftari la pantoni tunaloandika kwa zamu, mimi na nahodha mwenzangu Linus.

"Shikamoo mjomba. Dakika za mzee Linus zinakubaliana na hesabu. Zako, injini ile haiwezi, hata ungebeba kuku mmoja."

"Marahaba. Linus anaogopa maji. Mimi mto unanijua."

"Kompyuta imekuamini, mjomba. Sasa inasema pantoni ikijaa malori ya mpunga ndiyo inakimbia zaidi. Na Ijumaa nasimama mbele ya walimu."

Hakucheka.

Ni kweli nilikuwa napunguza. Pantoni ikijaa, watu wa kunisifu ni wengi, basi nilipunguza zaidi. Dakika za kweli sizikumbuki tena. Nikamwambia afute zangu zote, abaki na za Linus. Miaka mitatu ya usukani ikafutika, hivyo tu.

Jioni akapanda na saa yake, malori mawili ya mpunga, mimi kwenye usukani. Nilijitahidi kweli.

Dakika kumi na nne. Kwa mzigo kama huo Linus huandika kumi na tatu.