Nilimchagulia Mke Wangu Begi Baya Makusudi

Mama Isogai, majibu yako nayasoma gazetini kila wiki, nisaidie, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu anayenijua.

Nina miaka sitini na saba, nilikuwa fundi wa lifti, na tangu nistaafu kazi yangu ni moja tu, kukaa kando ya bwawa la mji wetu na kamera nikimvizia mdiria, yule ndege mdogo wa buluu, pamoja na wastaafu wenzangu, na mke wangu Fusae alikuwa akiniletea chai na matonge ya wali, basi, mpaka mwaka jana alipochoka kukaa bure akaomba kamera yangu ya zamani, nikampa nikicheka, na miezi mitatu haikuisha akampiga picha mdiria akichomoka majini na samaki mdomoni, picha ikatundikwa maktaba ya mji, na mimi nina miaka saba pale sijatundikwa hata ukutani kwangu.

Bwana Kuramochi, mwenzetu, akanitania mbele ya wote, "Tadokoro, kumbe miaka yote hii ulikuwa unamshikia mkeo nafasi!" Nikacheka nao, lakini wivu ulinishika.

Ndipo Fusae akaniambia, "Baba, na mimi nataka begi la kamera. Wewe ndiye unayejua, nichagulie." Tukaenda dukani, na begi la kumfaa lilikuwepo, Mama Isogai, nililiona mara moja, jepesi, lina mkanda wa kiunoni, zipu yake haisikiki, na nikamwambia hilo ni la watalii, mvua ikinyesha lenzi itaoza, nikamchukulia jeusi la kilo tatu likiwa tupu, mfuniko wake ni ule wa kubandika na kubandua, ukiufungua unalia krrraa kama mtu anachana shuka.

"Mbona zito hivi?" akauliza.

"Vifaa vya maana vina uzito wake," nikamjibu.

Siku ya kwanza bwawani, krrraa, ndege huyo akaenda zake, na mtu mmoja akafoka, "We mama, begi gani hilo?" Fusae akamwinamia kila mmoja akiomba radhi, kisha akahamia ng'ambo kwenye matete, peke yake, na mimi wiki ile nikapata picha nzuri kuliko zote na nikafurahi, naandika haya kwa aibu, nilifurahi.

Sasa bega lake limevimba, amelibandika plasta za maumivu, hata godoro la kuanika juani hawezi kuliinua. Jumapili binti yetu Natsuko alimwambia, "Mama, si ulirudishe tu?" naye akamjibu, "Baba yako alizunguka duka zima kwa ajili yangu, sitamvunja moyo." Nikaingia chooni nikajifungia. Jana amesema kamera basi, atarudi kwenye chai yake.

Nimewaza ninunue lile jepesi kimyakimya, nimwambie nimelishinda kwenye bahati nasibu ya maduka. Nifanyeje?

Tadokoro Shigemitsu

*

Bwana Tadokoro,

Barua yako sikuipanga foleni. Nilikupigia siku ileile, na unakumbuka nilivyokufokea: uongo wa kwanza umemuumiza bega, halafu unataka kumwongezea wa pili uliofungwa kwa utepe? Nikakwambia umweleze kabla ya chakula cha jioni, maneno machache, bila kumsingizia Kuramochi.

Juzi ukanipigia. Umemwambia. Ulidhani atalia, au atakusamehe. Badala yake akakuuliza, "Na siku ile nilipokuwa nawainamia watu mmoja mmoja, ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Akavaa koti, akaenda kwa Natsuko.

Nakusifu kwa kusema ndiyo. Wengi wangeanza kueleza.

Kwa wivu wenyewe sikulaumu. Kuketi miaka saba kisha kupitwa na aliyekuja na chupa ya chai kunauma, na ningekuwa wewe ningesaga meno pia. Ila mtu mwenye wivu hununa, huenda kutembea. Wewe ulimtwisha mzigo mtu aliyekuamini, ukakaa ukitazama anavyoinama.

Sasa unaniuliza umfuate na begi jipya. Usithubutu! Akirudi, kwanza ni daktari wa mifupa, na wewe ndiye utakayekaa naye kwenye foleni. Bega likipona na akitaka kamera tena, aende dukani na kamera yake na lenzi zake, azipange ndani ya begi, alivae, apande ngazi na kushuka, alifungue na kulifunga mara kumi akisikiliza. Achague mwenyewe. Akikuuliza kitu, mjibu ukweli unaoujua. Asipokuuliza, nyamaza, ushike makoti.

Na bwawani uende kesho, peke yako, uwaambie wale wazee kwamba kelele zile zilikuwa zako. Watakucheka. Kaa uchekwe.

Huenda akakasirika mwezi mzima. Ni haki yake. Wewe pika, osha vyombo, anika godoro.

Namba ya simu ya binti yako unayo. Piga leo, uliza kwanza habari za bega, na ukisikia kimya upande wa pili, usiwe wewe wa kukata.

Mama Isogai