Vichujio Vyenye Harufu ya Moshi

Garissa, Jumanne, 1965

Bado nacheka, ingawa asubuhi haikuwa kichekesho.

Jana nilimwambia Mama Halima, mfagiaji wetu hapa zahanati, asafishe vichujio vya maji. Ni vya udongo mweupe. Vinasuguliwa kwa brashi, vinachemshwa, basi. Sikumwonyesha. Kosa langu.

Leo sajenti mmoja wa kambini akaja kunywa maji, akayatema. "Yametiwa sumu haya!" Siku hizi za vita vya shifta, neno hilo likitajwa tu, watu hukamatwa. Bunduki ikashuka begani.

Mama Halima akatokea na ufagio wake. "Sumu gani, walaal, ndugu yangu? Mimi nafukiza na moshi, kama chombo ya maziwa ya ngamia. Hiyo ndio safi."

Akajimiminia kikombe, akanywa mbele yake hadi tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa shuka. Sajenti akaguna, akairudisha bunduki begani, akaenda zake.

Jioni, kabla ya kafyu, nikavisugua vyote upya mimi mwenyewe, mpaka maji yakawa hayana ladha yoyote.

Mama Halima akayaonja, akakunja uso. "Sasa hii," akasema, "ndio inafanana na sumu."