Rejista ya Saa Moja na Nusu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho nakuandikia mwanangu Mbwana hakuwa na jino, leo ananing'ata mpaka begani. Sina cha kujitetea. Nguo, uji, usingizi — basi.

Nimepata cheo! Kwenye kikao cha wazazi nilinyoosha mkono niruhusiwe kutoka nikamnyonyeshe mtoto. Kumbe Mwalimu Mkuu, Mwalimu Sekela, ndiyo kwanza kauliza nani atajitolea kukusanya mahudhurio. Makofi! Eti Mama Tabu ana moyo. Ningesemaje?

Kazi yenyewe: napokea hesabu za rejista kutoka kila darasa, naona nani hakuja. Aliyekosa siku kumi kwa mwezi, mzazi wake namtwangia simu. Ijumaa ya tarehe 16 majina ya watoro yanapelekwa kwa mtendaji wa kata, wazazi wakajieleze. Nimeafiki. Watoto wasome.

Jumatano, 7 Mei

Simu kumi na tatu, kwa simu ya shule. Baba mmoja kasema ngoja amuulize mkewe kama wana mtoto darasa la nne. Bibi mmoja kaitikia marahaba, halafu kanieleza magoti yake — yote mawili. Mama Jovina, jirani yangu, kafoka: mwanawe anatoka nyumbani kiza bado, mtoro gani anamtangulia jogoo? Nikamjibu, "Dada, rejista haina chuki na mtu." Nimejisikia afisa kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Aibu!

Mwalimu Erasmus wa darasa la tatu kaniletea orodha yake, namba za simu tupu bila majina. Nikabonyeza ya kwanza. Kitu kikalia kwenye mkoba wangu. Nikapokea. Nasema "Haloo?" huku, nasikia "Haloo?" kule. Nani anakariri namba yake mwenyewe? Mwalimu kacheka mpaka chai ikampalia.

Tabu. Tabu wangu! Siku kumi na moja hayupo, kati ya kumi na tisa.

Nyumbani nimemuuliza kwa sauti ya chini, ile anayoiogopa. Unashindaga wapi? Kalia: "Mie nipo shule, mama! Nawahi namba kuliko wote!" Nikashika mwiko. Nikaurudisha. Baba yake kapiga kutoka Kawe, kwenye ujenzi: eti utoro kaurithi kwa mama yake. Nimemkatia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemfuata. Mbwana mgongoni, nimejibanza nyuma ya kibanda cha chipsi. Saa kumi na mbili na nusu Tabu kaingia getini, namba tatu kufika! Dakika mbili, katoka — na ndoo.

Bomba la shule limekauka tangu Machi. Kumbe kiranja mkuu, Deogratias, anawapa ndoo wanafunzi kumi wa kwanza kufika. Wanakwenda kisimani kwa Bi Editha, wanapanga foleni. Saa moja na nusu rejista inaitwa. Wao wanarudi saa mbili kasoro, wamelowa mpaka soksi. Hawapo! Na mwenzao Benjamin, anayeingia kengele ikigonga, andazi mdomoni, hajakosa hata siku moja. Atapewa zawadi!

Na ile chai ya Mwalimu Erasmus, maji kachota nani?

Nimempigia Mama Jovina kumwomba radhi. Kanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, afisa." Nimestahili.

Jumanne, 13 Mei

Mwalimu Sekela kanisikiliza vizuri, miwani mkononi. Lakini eti rejista ni waraka wa serikali, haifutwi kwa maneno ya mzazi — tena mzazi wa mtoro. Nilete ushahidi kabla ya Ijumaa, la sivyo Tabu anakwenda kwa mtendaji na wenzake.

Hilo si kubwa. Kubwa ni la asubuhi. Tabu kagoma kuamka. Kajigubika shuka: "Nikichelewa ndiyo naonekana, mama." Hesabu yake imenyooka! Nimemvuta mguu tu.

Mbwana kalala, nina dakika kumi. Ninavyosubiri bado niletewe:

Kutoka kwa Deogratias, daftari la zamu ya ndoo, mwezi wa nne wote. Anasema mdogo wake kachana kurasa mbili — na hizo pia, hata vipande.

Kutoka kwa Bi Editha, picha ya ukuta wa kisima. Kila mtoto ana jina lake pale, na mistari ya mkaa kwa kila ndoo. Mjukuu wake apige leo leo, wingu limeshaziba Kibamba yote.

Kutoka kwa Mwalimu Erasmus, picha ya rejista kwa WhatsApp, isikatwe pembeni.

Na kutoka kwa Mwalimu Sekela, karatasi moja tu, yenye muhuri, ya kumwamuru Tabu awahi shule. Mie hanisikii tena.